Picha za harusi zilizogeuka kijivu: kisa cha EOS RP, faili za CR3 na programu ya Canon

Mpiga picha mmoja wa Morogoro, mwenye studio ndogo ya picha za pasipoti na kazi za harusi mwishoni mwa wiki, alibadilisha kamera siku chache kabla ya harusi kubwa. Kwa miaka mingi alikuwa akitumia Canon EOS 6D. Akanunua EOS RP iliyokwisha kutumika, akafunga lenzi zake zilezile kwa adapta, akaenda kazini. Alipiga RAW tupu, yaani faili ghafi ambazo kamera haijazichakata, bila JPEG, kama alivyozoea. Usiku akarudi na faili zaidi ya elfu moja, akachomeka kadi kwenye laptopu, akafungua Lightroom 6, programu ya Adobe ya kuhariri picha. Hakuna hata faili moja iliyofunguka.

Akafanya ambalo wengi wangefanya. Alipakua programu ya bure ya Adobe inayogeuza faili ghafi kuwa DNG, muundo wa faili ghafi wa Adobe wenyewe, akageuza faili zote, na Lightroom 6 ikazipokea. Hapo ndipo tatizo la pili lilipoanza. Nyuso zilikuwa za kijivu, kama watu waliopakwa majivu, na shela la bi harusi likaelekea ubuluu. Alirekebisha kadhaa kwa haraka akazituma WhatsApp ili familia isingoje sana. Dada wa bi harusi akapiga simu asubuhi: “Kaka, samahani, mbona mdogo wangu amekuwa hivi? Yeye ni maji ya kunde, wewe umemtoa kijivu.” Akajibu, “Dada yangu, hizo ni za haraka tu, nipe siku mbili.” Alipokata simu akawa tayari ameshaamua kwamba kamera ni mbovu na lazima irudi kwa aliyeiuza.

Kamera haikuwa mbovu. Ninakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu nimeona wapiga picha wakiuza vifaa vizuri kwa hasara kutokana na jambo kama hili, na kwa sababu rangi ya ngozi ya mtu katika picha ya harusi yake si jambo dogo. Picha hizo wajukuu watazitazama.

Kwa nini faili hazikufunguka

Lightroom 6 ndiyo ya mwisho kuuzwa kwa malipo ya mara moja, na masasisho yake yalikoma mwaka 2017. EOS RP ilitoka mwaka 2019. Katikati yao kuna mwaka 2018, Canon ilipotoa EOS M50 na kuanza nayo muundo mpya wa faili ghafi, CR3, badala ya CR2 iliyokuwa ikitumika kwenye 6D na nyingine za rika lake. Programu iliyoacha kusasishwa kabla ya CR3 kuwepo haiwezi kuijua. Kadi ilikuwa nzima, faili zilikuwa nzima.

Alikuwa pia na CD iliyokuja na 6D, yenye Digital Photo Professional, programu ya Canon ya kufungua faili ghafi, ya kizazi cha 3. Wapiga picha huiita DPP. Aliisakinisha, nayo ikakataa vilevile. Toleo la 4 la DPP lilianza kutolewa mwaka 2014, na kila Canon inapotoa kamera mpya, DPP husasishwa ili kuitambua. Kwa hiyo haitoshi kusema “nina DPP”. Lazima toleo ulilonalo liwe limetoka baada ya kamera yako.

Kwa nini zilifunguka zikiwa mbaya

Alipozitazama zile DNG aliona jambo moja, akalisimulia vizuri sana: picha ikifunguliwa, kwa sekunde moja inakuwa nzuri, halafu inafifia yenyewe mbele ya macho. Sekunde ile ndiyo ufunguo wa kisa chote.

Faili ghafi si picha bado. Kihisi cha kamera hupima mwanga tu, na juu ya kila kitundu chake kuna kichujio cha rangi moja: nyekundu, kijani au buluu, kijani ikichukua nusu ya nafasi zote. Mpangilio huo ulibuniwa na Bryce Bayer akiwa Kodak, na hataza yake ni ya mwaka 1976. Programu ndiyo inayokisia rangi mbili zilizokosekana katika kila kitundu, kisha inaamua weupe ni upi, mwangaza ukae wapi, nyekundu iwe nzito kiasi gani. Uamuzi huo kamera nayo huufanya, na matokeo yake huyahifadhi ndani ya faili lilelile kama JPEG ya kutazamia. Ndiyo unayoiona kwenye kioo nyuma ya kamera, na ndiyo aliyoiona kwa ile sekunde moja. Baada ya hapo programu iliitupa na kuanza kupika upya kwa njia yake.

Kilichopotea hapo kilikuwa kikubwa. Kamera yake ilikuwa katika Av, ambapo mpiga picha huchagua uwazi wa lenzi na kamera huamua mengine, na shela jeupe lilikuwa limejaa kwenye fremu. Kipima mwanga kinapoona weupe mwingi hupunguza mwanga, na nyuso za watu weusi zilizo pembeni ya shela huzama gizani. Canon ina kitu kinachoitwa Auto Lighting Optimizer ambacho huja kwenye kamera kikiwa kimewashwa: kinainua sehemu zenye giza wakati wa kuchakata. Kwenye kioo cha kamera nyuso zilionekana sawa kwa sababu zilikuwa zimeinuliwa. Lightroom haisomi mpangilio huo. Vipimo vya kihisi vilivyo chini yake vilikuwa na giza tangu mwanzo, na Lightroom ikaonyesha giza hilo. Mtindo wa rangi aliouchagua kwenye kamera, yaani Picture Style, nao haukufuatwa. Juu ya hayo, wageni walikaa chini ya turubai la buluu, na chini ya turubai kama hilo kila uso hupata buluu kidogo. Ngozi ya kahawia iliyopungukiwa mwanga na kuongezwa buluu hugeuka kijivu.

Programu ya mtengenezaji inasoma maelezo yote yaliyoandikwa na kamera. Ukifungua CR3 ndani ya DPP, unaanzia pale ulipoishia kwenye kioo cha kamera. Sisemi kwamba pale ni pazuri siku zote. Ni pale ulipopaona ulipokuwa mbele ya bi harusi mwenyewe, unamlinganisha na kioo, na unakumbuka.

Kuisakinisha

Laptopu yake ilikuwa ya Windows 10 ya biti 64, RAM ya GB 8, diski ya kuzunguka. Kwa DPP 4 hiyo ni mashine inayotosha lakini inayochoka.

Programu ni ya bure, inapatikana kwenye tovuti ya Canon ya kanda yako. Usitafute jina la programu huko nje, kwa sababu tovuti zinazotoa “DPP ya haraka” zipo tele na sizishauri hata moja. Ingia kwenye ukurasa wa msaada wa kamera yako, hapa EOS RP, kisha sehemu ya programu, kisha mfumo wa kompyuta yako. Kabla ya kupakua utaombwa namba tambulishi ya kamera, ile iliyo kwenye kibandiko chini ya kamera. Kwa mtu aliyenunua kamera mkononi hili ni jambo la kuliangalia kabla hata ya kutoa pesa: kibandiko kipo? Namba inasomeka? Chake kilikuwepo, kimechubuka pembeni tu, tarakimu zote zinaonekana.

Faili ni zito kwa mtu anayetumia bando la simu, na bando lake lilikata katikati ya kazi. Alihamia kwa rafiki mwenye Wi-Fi. Baada ya kupakua, fungua kwanza zipu yenyewe, ndipo uendeshe kisakinishi kilichomo ndani; ukikiendesha kikiwa bado ndani ya zipu kinaweza kukwama. Kitakuuliza kanda, nchi na lugha. Kikimaliza, washa kompyuta upya hata kama hujalazimishwa.

Halafu, kabla ya kufungua chochote, hamisha picha kutoka kwenye kadi kwenda kwenye diski, na nakala ya pili kwenye diski ya nje. Kwa DPP hili lina sababu ya ziada. Marekebisho yako, ambayo DPP inayaita resipi, huandikwa ndani ya faili la CR3 lenyewe unapohifadhi. Vipimo vya kihisi haviguswi, na unaweza wakati wowote kurudi kwenye mpangilio wa awali wa kamera. Lakini faili linaandikwa upya, na kuandika upya faili pekee ulilonalo la harusi ya mtu, huku umeme ukicheza, ni hatari isiyo na faida yoyote. Faili zake zilikuwa za takriban MB 30 kila moja, kwa hiyo harusi nzima ilikuwa GB 30 na zaidi. Diski ya nje ya kubeba hiyo si ya bei kubwa.

Turubai la buluu

Mimi naye hatukuanza na picha elfu. Tulichagua picha moja kwa kila mwanga: moja ya kanisani, moja ya chini ya turubai, moja ya ukumbini usiku. Ya turubai ndiyo iliyokuwa na kazi.

Chombo cha kupima weupe ndani ya DPP kina alama kama kidude cha kudondoshea dawa ya macho: unabofya kitu unachojua ni cheupe au kijivu, programu inarekebisha rangi zote kwa kukifuata. Alibofya shela. Uso ukawa wa machungwa. Sababu ni mbili: sehemu aliyobofya ilikuwa imeungua kwa mwanga, kwa hiyo hapakuwa na rangi ya kupima, na vitambaa vingi vyeupe vina dawa ya kung'arisha inayorudisha ubuluu, hivyo programu ikadhani buluu ni nyingi kuliko ilivyo, ikazidisha marekebisho. Nilimwonyesha kiti cha plastiki cheupe kilichokuwa nyuma ya bi harusi, kivulini, chini ya turubai lilelile. Alibofya egemeo la kiti hicho. Picha ikakaa. Bado ilikuwa baridi kidogo, akaisogeza kuelekea njano mpaka shavu la bi harusi likarudi kuwa shavu lake. Dada mtu alikuwa ametuma picha ya mdogo wake aliyoipiga kwa simu nje ya nyumba asubuhi ya harusi. Tuliiweka pembeni ya kioo cha laptopu kama kipimo. Ninashauri sana kufanya hivyo. Histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha, haijui mtu ni maji ya kunde.

Mwangaza aliupandisha karibu stopu moja, yaani karibu mara mbili. Shela lote likaanza kuungua, akavuta kitelezi cha sehemu angavu chini mpaka nakshi za kitambaa zikaonekana tena. Hapa ndipo RAW inapolipa: JPEG ina ngazi 256 kwa kila rangi, faili ghafi la biti 14 lina ngazi 16,384. Ukiinua giza la JPEG kwa stopu nzima unapata madoa, lakini ukiinua la RAW bado unapata ngozi. Auto Lighting Optimizer tuliizima kabisa baada ya hapo. Ilikuwa inainua giza kwa kukisia, na sasa tulikuwa tumeliinua kwa kukusudia. Vikifanya kazi pamoja, chenga, yaani vidoadoa vya giza lililoinuliwa, huongezeka kwenye suti nyeusi.

Upande wa Picture Style, kamera ilikuwa kwenye Portrait. Mtindo huo huipa ngozi waridi kidogo, na kwa maoni yangu waridi hilo halizifai ngozi nyingi za kwetu. Linazifanya zionekane zimepakwa. Faithful imetengenezwa ili rangi zilingane na za kitu halisi katika mwanga wa kelvini 5200, yaani mwanga wa jua (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga). Haina mbwembwe na inaonekana imepooza mwanzoni, lakini ukishaweka sawa mizani ya weupe na kuongeza tofauti ya giza na nuru kidogo, kahawia inabaki kahawia. Tuliichukua hiyo.

Resipi ya picha ile moja ilinakiliwa, ikabandikwa kwenye picha zote za chini ya turubai kwa mkupuo. Nyingi zilikaa papo hapo. Zile ambazo turubai lilikuwa limefunguliwa upande mmoja zilihitaji kusogezwa kidogo, moja moja.

Zambarau ya ukumbini

Ukumbini mpambaji alikuwa amepanga taa za zambarau kuzunguka jukwaa, na mpiga video akawasha LED yake nyeupe usoni kwa maharusi. Maharusi walitoka vizuri. Wazazi waliokaa pembeni walimezwa na zambarau, na hapa DPP haina muujiza, wala programu nyingine haina. Taa ya zambarau hutoa nyekundu na buluu. Kijani ikikosekana kwenye mwanga, haipo kwenye faili, na ngozi bila kijani hairudi. Picha hizo tulizigeuza kuwa nyeusi na nyeupe kwa Picture Style ya Monochrome, tukatumia kichujio chekundu kilichomo humo, ambacho huchota zaidi kutoka kwenye nyekundu, mahali ambapo uso wa mama ulikuwa na maelezo ya kutosha. Familia iliulizwa kwanza, ikakubali.

Kutoa picha, na mtego wa mwisho

DPP ikatoa JPEG za kwanza, zikaenda kwenye simu, na rangi zikafifia tena. Safari hii si kijivu, ila kanga na maua yalikuwa yamepooza kuliko kwenye laptopu. Jibu lilikuwa kwenye majina ya faili. Kamera za Canon huanza jina kwa IMG_ zikiwa kwenye sRGB, wigo wa kawaida wa rangi, na kwa _MG_ zikiwa kwenye Adobe RGB, wigo mwingine. Faili zake zote zilianza na mstari wa chini. Mmiliki wa kwanza wa kamera alikuwa ameiweka kwenye Adobe RGB, na DPP, kwa uaminifu uleule wa kufuata maelezo ya kamera, ikatoa picha katika wigo huo. Adobe RGB ina nafasi pana zaidi, lakini programu nyingi za simu haziijali, zinasoma namba zilezile kama sRGB na rangi zinapoa. Tulibadilisha wigo kwenye mipangilio ya DPP kwa picha zote, na kwenye kamera yenyewe pia. Ukinunua kamera mkononi, rudisha mipangilio yote ya kiwandani kabla ya kazi ya kwanza.

Kubadilisha picha zote kwa mkupuo kulichukua usiku. Kwa laptopu ya aina ile kila picha hula sekunde kadhaa, na urekebishaji wa kasoro za lenzi uitwao Digital Lens Optimizer huongeza muda zaidi. Unahitaji pia kupakua data ya kila lenzi. Tuliuwasha kwa picha za albamu tu. Albamu zilitolewa kama TIFF za biti 16, yaani faili kubwa zisizobanwa, zinazofunguka hata kwenye Photoshop ya zamani, kwa sababu DPP si mahali pa kulainisha ngozi au kuondoa waya wa spika nyuma ya keki. TIFF moja ya EOS RP, pikseli 6240 kwa 4160, ni takriban MB 156, kwa hiyo usitoe harusi nzima namna hiyo. Maabara ya kuchapisha picha ilidai picha ziwe pikseli 300 kwa inchi wakati DPP ilikuwa imeandika 350. Namba hiyo peke yake haibadilishi pikseli hata moja. Picha ile kwa 300 inafika inchi 20 na zaidi upande mrefu.

Je, asingetumia darktable au RawTherapee, programu nyingine za kufungua faili ghafi? Zote ni za bure, haziombi namba ya kamera, na matoleo yake ya sasa yanafungua CR3. Kwa mtu mwenye muda wa kujifunza zina nguvu kuliko DPP, hasa kwa kurekebisha sehemu moja ya picha. Lakini zinaanza na rangi zao, na mtu huyu alikuwa ameahidi siku mbili. Kwa hali yake DPP lilikuwa chaguo sahihi, nalo lilimpa nyuso sahihi bila malipo ya kila mwezi. Picha zilifika siku ya pili jioni, na dada mtu akaziweka mwenyewe kwenye kundi la familia.

Limebaki jambo moja ambalo bado analifanyia kazi. Msaidizi wake anapiga kwa Sony, na DPP haifungui ARW, faili ghafi za Sony. Kila mtengenezaji ana yake: Nikon wana NX Studio tangu 2021, Fujifilm wana X RAW Studio inayotumia kichakataji cha kamera yenyewe kwa waya wa USB, na Sony wana Imaging Edge Desktop, ambayo msaidizi ameisakinisha. Tatizo ni kuzilinganisha. Kelvini 4800 ya programu moja haitoi ngozi ileile na 4800 ya nyingine, kwa hiyo wamekubaliana kila mmoja apige picha ya kadi ya kijivu mwanga unapobadilika, na msaidizi alinganishe rangi zake na JPEG zilizotoka DPP, picha ya mtu yuleyule, kabla hajatoa za kwake.